Usiache Mbachao: Vitabu vya Nyumbani Si Takataka za Kupisha Kishikwambi



Kuna mtindo umeingia. Sisi tunaoshona magauni ya harusi hapa Ngamiani, Tanga, tunauona mapema kuliko wengi, kwa sababu bi harusi akija kupimwa hazungumzi habari za gauni peke yake. Anatueleza chumba chake kitapakwa rangi gani, pazia za namna gani, kabati la wapi, na nini kitatolewa ili hivyo vipate pa kukaa. Siku hizi kinachotolewa kwanza ni vitabu. Sanduku la bibi, rafu ya baba, juzuu za chuoni, riwaya za mama za tangu usichana wake, vyote vinaambiwa vinachafua chumba. Badala yake bi harusi anaahidiwa kishikwambi, au kile kifaa cha kusomea tu kama Kindle, na anaambiwa humo ndani vinaingia vitabu elfu na zaidi, basi makaratasi hayo ya nini?

Sisi tunasema hapana, na tunalisema kwa sauti. Hatusemi kifaa ni kibaya. Kukinunua ni jambo moja, na kutoa vitabu vyako nje kwa ajili yake ni jambo jingine. Anayekwambia kuwa mambo hayo mawili ni sawa ana kitu anachokuuzia. Wazee walishatuonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao umechakaa, ndiyo, lakini ni wako. Msala wa mpita njia unapendeza, ila akiondoka mwenyewe anaondoka nao.

Kwanza tukipe haki yake

Tusije tukaambiwa ni wivu wa mafundi wa mitaani wasiojua dunia inakwenda wapi. Vishikwambi hapa kwetu si vigeni. Vile vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 serikali iliwagawia walimu, na watoto wetu wameviona shuleni. Na faida zake tunazijua.

Mama anayenyonyesha usiku anaweza kusoma bila kuwasha taa na kumwamsha mtoto. Bibi mwenye macho dhaifu anakuza herufi mpaka anaona. Dada anayekwenda Muscat kutafuta riziki hawezi kupakia sanduku la vitabu kwenye mzigo wa ndege, lakini kifaa anakitia mkobani. Kile cha kusomea tu, chenye kioo kinachofanana na karatasi, hakichoshi macho kama simu, chaji yake inakaa wiki nzima na zaidi, na hakina kelele za WhatsApp za kukukatiza katikati ya ukurasa. Kwenye siku zetu za hedhi pia, wengi katika maulamaa wa zama hizi wanasema simu au kishikwambi hakina hukumu ya msahafu katika kukigusa. Ila hilo muulize shekhe wako au ustadhati wako, sisi ni mafundi cherehani.

Kwa hiyo ukitaka kununua, nunua, na Allah akutilie baraka. Ugomvi wetu ni kwenye neno moja tu, neno "badala".

Hujanunua, umekodi

Sisi dukani kwetu tunauza magauni na tunakodisha magauni. Gauni la kukodi linapendeza kwenye picha sawasawa na la kununua. Wageni hawatambui. Lakini harusi ikiisha, linarudi dukani. Hatujapata kumwona aliyekodi gauni akamrithisha binti yake. Hatuoni aibu kukodisha, lakini hatujawahi kumkodishia mtu gauni tukamwambia amelinunua. Huo ungekuwa udanganyifu, na Mtume wetu (s.a.w.) ametukataza kudanganya katika biashara.

Sasa tazama maduka makubwa ya vitabu vya kwenye vifaa. Unabonyeza palipoandikwa "nunua". Pesa inatoka. Kitabu kinaingia. Lakini ukisoma yale masharti marefu ambayo sote huyaruka na kubonyeza "nakubali", utakuta hujanunua kitabu. Umepewa ruhusa ya kukisoma. Huna haki ya kukiuza, wala kumpa mtu, wala kumwachia mwanao ukifa. Si maneno yetu ya kutunga. Huko Marekani, jimbo la California lilitunga sheria iliyoanza kufanya kazi Januari 2025, inayowataka wauzaji wa namna hii wamwambie mteja wazi kwamba anachopata ni ruhusa, si milki. Jimbo lenye kampuni kubwa za teknolojia kuliko kokote limeona watu wanadanganyika na neno "nunua". Sisi wa Tanga tunasubiri nani atutungie?

Na ruhusa huondolewa. Mwaka 2009 Amazon, wenye Kindle, waliingia ndani ya vifaa vya wateja wao, kwa mbali, wakafuta vitabu viwili vya mwandishi Mwingereza George Orwell. Kimoja ni kile ambacho waliosoma sekondari miaka ya nyuma wanakijua kwa Kiswahili kwa jina la Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967. Sababu yao ilikuwa kwamba aliyewaletea vitabu hivyo hakuwa na haki ya kuviuza. Walirudisha pesa, na mkuu wao akaomba radhi. Lakini mwanafunzi mmoja huko alikuta hata maelezo aliyoyaandika mwenyewe kwa ajili ya masomo yake hayana maana tena, kwa sababu kitabu alichokuwa akikieleza hakipo. Hebu fikiri: umelala, asubuhi unaamka, mwenye duka amepita usiku chumbani kwako akachukua kitabu kwenye rafu na kukuachia chenji mezani.

Mwaka 2019 Microsoft nao walifunga duka lao la vitabu. Walirudisha pesa, lakini vitabu vilifutika, hata vile watu walivyovipata bure. Na mwezi wa Februari 2025 Amazon waliondoa njia ambayo wateja walikuwa wakiitumia kushusha vitabu vyao kwenye kompyuta na kuvihamisha kwa waya. Kwa hiyo hata yule mwangalifu, aliyekuwa akijiwekea nakala pembeni, mlango ule umefungwa.

Yapime hayo kwa mizani ya dini. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa mtu akifa amali yake inakatika isipokuwa kwa mambo matatu, na mawili kati ya hayo ni sadaka yenye kuendelea na elimu yenye kunufaisha. Kitabu cha karatasi kinaingia humo bila tabu. Unakiazima kwa jirani, unampa mwanafunzi wa chuoni, unaandika ukurasa wa kwanza neno "Wakfu" na kukipeleka msikitini, na thawabu zinakufuata kaburini inshallah. Ukifariki, kinahesabiwa pamoja na vyombo vyako na kugawiwa warithi kama alivyoamuru Mwenyezi Mungu. Kitabu cha ruhusa hukiweki wakfu wala hakirithiwi, kwa sababu mtu hatoi wala haachi asichokimiliki. Akaunti inakufa na mwenyewe. Waswahili walikwisha kusema nguo ya kuazima haisitiri, na sisi wa cherehani tunajua maana yake.

Mahari kwa jina la nani?

Hapa ndipo tunawaomba maharusi msikilize vizuri zaidi.

Mwambao wetu una desturi nzuri ya bi harusi kutaka msahafu katika mahari yake, au msahafu na vitabu vya dini. Siku hizi wapo wanaotaka kishikwambi chenye msahafu na vitabu ndani yake. Si haramu, mahari ni chochote chenye thamani mlichokubaliana. Lakini Sura An-Nisaa, aya ya 4, inataka wanawake wapewe mahari zao, yaani ziwe zao, mikononi mwao. Swali letu ni dogo: kishikwambi hicho kimesajiliwa kwa jina la nani? Kwa barua pepe ya nani? Neno la siri analo nani?

Tumelishuhudia hili kwa mteja wetu mmoja, jina lake tunalihifadhi. Bwana harusi alimletea kifaa kizuri, vitabu tele alivyovilipia yeye, na akaunti akaifungua yeye kwa namba yake, kwa wema tu, kwa sababu bi harusi hakujua kufungua. Miaka ilipita, kukatokea yanayotokea katika ndoa, akarudi kwao Makorora. Eda ilipoisha akawasha kifaa, kikamtaka neno la siri. Hakuwa nalo. Vitabu vyote vilikuwa kwenye akaunti ya mtu ambaye si mumewe tena. Alichobaki nacho ni kioo na chaja. Mahari yake aliipokea mbele ya mashahidi, lakini kumbe ufunguo haukuwahi kutoka mfukoni mwa mtoaji.

Hatumlaumu yule bwana, pengine hakukusudia. Tunasema tu kwamba msahafu wa karatasi hauna neno la siri. Ukipewa umepewa. Kila mzazi, kila somo, kila kungwi anayemfunda mwali wiki ya harusi, aongeze somo hili kwenye mafunzo yake: binti, mali yako iwe kwa jina lako. Kiwanja kwa jina lako, dhahabu mkononi mwako, na akaunti ya kifaa chako kwa namba yako na neno la siri unalolijua wewe.

Yaliyoandikwa pembeni

Wanaokwambia "kitabu hicho hicho kipo kwenye kifaa" wanazungumzia maneno yaliyochapwa tu. Hawajui vitabu vya nyumba zetu vimebeba nini.

Fungua jalada la ndani la msahafu wa zamani nyumbani kwenu, au kitabu cha Maulidi ya Barzanji kilichokatika mgongo. Utakuta mwandiko. Tarehe ya kuzaliwa mtoto wa kwanza, kwa mwezi wa Kiislamu, na siku ya wiki, na pengine wakati: baada ya alasiri, kabla ya magharibi. Tarehe ya kufariki babu. Deni la mtu na siku aliyolipa. Bibi zetu wengi hawakupelekwa skuli ya serikali, lakini chuoni walisoma, na wakaandika Kiswahili chao kwa herufi za Kiarabu. Pembe hizo za kurasa ndizo daftari lao, na mali bila daftari hupotea bila habari. Kuna watu wazima hapa Tanga na Pangani ambao hawana ushahidi mwingine wa siku waliyozaliwa isipokuwa mstari mmoja ndani ya jalada. Ukienda kushughulikia cheti cha kuzaliwa cha uzeeni, au mirathi yenye ugomvi wa nani mkubwa nani mdogo, mstari huo una thamani kuliko kabati lote jipya la chumbani.

Mstari huo haumo kwenye kifaa. Hauwezi kuwemo, kwa sababu aliyeuandika ni bibi yako na aliuandika mara moja tu.

Na hata maneno yaliyochapwa, usikubali kwa urahisi kwamba yapo yote. Fanya jaribio hili kabla hujatoa kitu. Chukua karatasi, andika majina ya vitabu 10 vya nyumbani kwenu, hasa vya Kiswahili na vya zamani. Halafu vitafute kimoja kimoja kwenye duka la hicho kifaa unachotaka kununua. Hesabu umepata vingapi. Usitegemee maneno ya muuzaji, tegemea karatasi yako.

Karanga na Bismillahi

Mnajua vitabu vinavyotolewa huenda wapi? Vinapimwa kwa kilo. Anapita mnunuzi wa karatasi, anatundika mzigo kwenye mizani, anatoa noti chache. Kutoka hapo vinachanwa, vinakunjwa, vinafungia karanga, bajia na maandazi.

Siku moja dukani tulimtuma binti anayejifunza cherehani atununulie karanga. Alipofungua karatasi akashtuka, akaiweka juu ya meza bila kusema kitu. Tukasogea. Ilikuwa karatasi ya juzuu, imeandikwa Bismillahi Rrahmani Rrahim, na chini yake aya, na juu ya aya mafuta na chumvi. Hakuna aliyekula zile karanga. Yule muuza karanga hana kosa, karatasi kaikuta. Kosa ni la nyumba iliyotoa sanduku zima bila kufungua, kwa sababu fundi wa rangi alikuwa amefika.

Kwa hiyo hata ukiamua kupunguza vitabu, na wakati mwingine lazima, usitoe bila kupekua. Chochote chenye aya au jina la Mwenyezi Mungu kiweke kando. Kilichochakaa kisichosomeka kina adabu yake. Sayyidna Uthman (r.a.) alipounganisha umma kwenye msahafu mmoja aliamuru nakala nyingine zichomwe, na hiyo ndiyo asili wanayoitaja maulamaa wanaosema msahafu uliochakaa uchomwe kwa heshima. Wapo wanaopendelea ufukiwe mahali pasafi pasipokanyagwa. Muulize imamu wa mtaa wako. Kinachosomeka, kipeleke chuoni au msikitini. Vya shule na hadithi, ulizia kama shule ya jirani inavihitaji, au Maktaba ya Mkoa wa Tanga, ile iliyojengwa wakati wa Waingereza na kupewa jina la Mfalme George wa Sita. Usiwe na haraka ya kwenda kwenye mizani.

Mtunzaji ni mwanamke

Wanaodhani vitabu ni mambo ya wanaume wenye vilemba, wasome historia yao. Baada ya Qurani kukusanywa zama za Sayyidna Abubakar (r.a.), zile kurasa zilikaa kwake, kisha kwa Sayyidna Umar, kisha kwa nani? Kwa Bi Hafsa binti Umar, mke wa Mtume (s.a.w.). Sayyidna Uthman alipotaka kunakili misahafu ya kupeleka miji mbalimbali, alituma mtu kwa Bi Hafsa kuziazima, na kazi ilipokwisha akamrudishia. Amiri wa Waislamu anabisha hodi kwa mwanamke, kwa sababu kilicho muhimu kuliko vyote kimo ndani ya nyumba yake. Angekuwa amekitoa ili chumba kipate nafasi, ingekuwaje?

Kwetu Uswahilini ni vivyo hivyo. Mwana Kupona binti Msham wa Siyu, kisiwani Pate, alitunga utenzi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, kumuusia bintiye mambo ya dini na ya ndoa. Mpaka leo makungwi wanautaja. Umetufikia kwa sababu watu waliunakili kwa mkono, nakala baada ya nakala, na kuziweka majumbani.

Na Tanga yetu si mji wa kubebwa katika jambo hili. Hapa palichapwa gazeti la Kiswahili la Kiongozi, kwenye shule ya serikali, zama za Wajerumani. Hapa ndipo kwao Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, na yeye naye alimtungia binti yake Mwanjaa utenzi wa kumuusia. Hapa ndipo alipokuwa kadhi Sheikh Ali bin Hemedi el-Buhry, aliyeandika kwa Kiswahili kitabu cha mirathi na kitabu cha nikahi. Hicho cha Nikahi kilichapwa Dar es Salaam mwaka 1959. Maharusi, hebu fikirini, kitabu cha hukumu za ndoa kilichoandikwa na kadhi wa mji wenu wenyewe. Pengine kimo kwenye sanduku la babu yako. Pengine ndicho kinachosubiri mizani ya mnunuzi wa karatasi.

Basi tufanyeje?

Wanaotaka kifaa, haya ndiyo tunayowashauri muulize kabla ya kutoa pesa. Je, kinakubali faili zako mwenyewe, za PDF na za EPUB, ulizoziingiza kwa waya au memori kadi, au kinasoma tu vya duka lao? Kobo na PocketBook husoma EPUB moja kwa moja. Kindle zina njia zao ndefu zaidi. Je, kinaonyesha herufi za Kiarabu sawasawa, zimeungana na zina irabu zake, au zinaachana kama mshono uliofumuka? Jaribu palepale dukani, usiambiwe tu. Je, kinafanya kazi bila intaneti? Je, chaja yake ni ya aina moja na ya simu yako, ili ikiharibika usihangaike mji mzima? Na ukikifungua mara ya kwanza, kifungue wewe, kwa jina lako. Neno la siri liandike pahali, umwoneshe mtu unayemwamini katika damu yako.

Kitumie kwa kinachofaa: safari, usiku, macho mabovu, vitabu vya kupita. Vile unavyotaka viishi baada yako, nunua vya karatasi, au kama una faili lake kwa halali na ruhusa inakutosha, kichapishe na ukitie jalada.

Na wale wanaosema vitabu vya mwambao vinaliwa na mchwa na kuota ukungu, wanasema kweli, lakini nguo nazo huliwa na kuota ukungu, na hatujaacha kuvaa. Sisi tunatunza majora ya vitambaa kwenye hewa hii ya bahari mwaka mzima, na vitabu vinataka yaleyale. Usiweke rafu kwenye ukuta unaopigwa na mvua. Inua sanduku kutoka chini, lisiguse sakafu, na acha upenyo nyuma ya kabati hewa ipite. Kipindi cha kaskazi, siku za jua kavu kabla ya masika, vitoe, vifungue, vipigwe na upepo kivulini, kwa sababu jua kali huunguza karatasi. Tia majani makavu ya mwarobaini katikati yake, kama tunavyotia kwenye nguo. Kitabu chenye thamani kishonee mfuko wa pamba, marekani isiyotiwa dawa inatosha, maana plastiki hufungia unyevu ndani. Mabaki ya vitambaa ya gauni lako la harusi yanatosha kushona mfuko wa msahafu, na fundi wako atakushonea kwa nusu saa. Ukituletea sisi, hatutakutoza.

Na jalada la ndani lipige picha. Kila ukurasa wenye mwandiko wa wazee, upige kwa simu, umtumie kaka, dada na wifi, ili ukipotea mmoja upo kwa wengine. Kazi hiyo simu inaiweza vizuri sana, na ndiyo tunayoitaka iwe: msaidizi wa kitabu.

Kwenu nyinyi maharusi, na kwenu mama na mavyaa mnaopanga chumba: nafasi ya rafu moja ipo. Punguzeni mto mmoja wa mapambo kitandani, ipo. Mtoto atakayezaliwa ndani ya chumba hicho, inshallah, atahitaji pahali pa kuandikiwa siku yake ya kuzaliwa, kwa mwandiko wa mama yake, kwenye kitu ambacho hakuna kampuni ya ng'ambo inayoweza kukifuta usiku amelala. Mwandikieni.

Mwenyezi Mungu azitie nuru nyumba zetu, awarehemu wazee waliotuachia vitabu na waliotuachia mwandiko pembeni, na atujaalie na sisi tuwe na cha kuacha. Amin.